Mkono Niliomsingizia Mwenzangu

Yuko mwanamke mmoja ambaye hivi leo hawezi kukanyaga kwao kwa sababu ya neno lililotoka kinywani mwangu. Nalitanguliza hilo ili anayesoma asije akanionea huruma kabla ya wakati wake. Skuli sikwenda; chuoni nilikaa kiasi cha kuhifadhi sura za sala, kisha nikarudishwa jikoni. Anayeandika ni mjukuu wangu wa kike, na nimemwonya asinipambe. Pale nilipokuwa mbaya aniache na ubaya wangu.

Nilianguka uani, asubuhi, nikisugua liwa, ule mti wa harufu, juu ya jiwe. Kulikuwa na bi harusi wa mtaa wa pili aliyekuwa akingojea singo, kusuguliwa mwili kwa manukato, na kazi hiyo ya kusinga maharusi nimeifanya hapa Kibokoni tangu nilipofiwa na mume wangu. Jiwe liliniponyoka, mdomo ukaenda upande, nikasikia mtu akiniita kwa mbali ilhali alikuwa amenishika bega. Kilikuwa kiharusi. Hospitalini nilikaa siku tisa ambazo siwezi kuzisimulia kwa kuwa sizikumbuki. Ninachokumbuka ni asubuhi ya kwanza baada ya kurudishwa nyumbani: chumba cha juu, jua likiingia kwa mistari kupitia mbao za dirisha, na mkono.

Ulikuwa umelala juu ya shuka, ubavuni mwangu wa kushoto. Mkono mweusi, wa mtu mzima, mishipa imetokeza, kucha zimekatwa fupi. Haukusogea. Niliutazama muda mrefu nikingoja mwenyewe aamke.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mtumishi wetu na bakuli la uji. Ni mwanamke aliyepita miaka hamsini, mvi zimeanza kumtoka penye paji, mzaliwa wa bara, upande wa Kaloleni, ambaye babake alisilimu zamani na yeye akazaliwa Mwislamu. Alikuwa amepanga chumba Tononoka, na kila siku alikuja kwetu kwa miguu. Alikuwa ametutumikia miaka kumi na moja.

"Ondoa mkono wako," nilimwambia.

"Upi, Bi Mkubwa?"

"Huo uliouacha hapa."

Alitazama kitandani, akaliweka bakuli chini, akaninyooshea viganja vyake. "Yangu hii hapa. Nilizaliwa nayo miwili na sijampa mtu."

"Basi huo ni wa nani?"

"Si huo una pete yako, Bi Mkubwa?"

Nikaangalia. Pete ilikuwa yangu kweli, ya fedha, yenye akiki. "Na pete yangu umeivaa kwa ruhusa ya nani?"

Akacheka. Alidhani nimeanza kupona na kurudia mizaha, ingawa katika miaka kumi na moja hakuwahi kusikia mzaha wangu hata mmoja. Aliponiona sicheki, akatoka kumwita binti yangu.

Binti yangu aliuinua mkono ule, akaupitisha mbele ya macho yangu hadi begani, anionyeshe ulipoungana. "Mama, huu ni wako."

"Mkono wangu si mweusi hivyo."

Mjukuu wangu, huyu anayeandika, alikuwa amesimama nyuma ya mamake, na ndiye aliyesema, "Bibi, hebu tazama ule mwingine."

Nikautazama wa kulia. Nakumbuka vyema nilivyouona, na sina budi kuliandikisha kama lilivyokuwa: niliuona mweupe. Ulikuwa juu ya tumbo langu, ngozi moja na ule mwenzake, tumbo moja liliizaa yote miwili, na mimi niliuona wa kulia ni wa maji ya kunde, na wa kushoto ni wa mtu mwingine.

Daktari alikuwa amemwelezea binti yangu kwamba kuna mahali ndani ya ubongo panapoujua mwili, na kwamba kwangu mimi mahali hapo palikuwa pamejeruhiwa. Palipojeruhiwa, mtu huweza kuukana mkono au mguu wake na akataja jina la mtu mwingine kuwa ndiye mwenyewe. Maneno haya niliambiwa mara nyingi na nikayakataa mara hizo zote. Sasa nayakubali. Lakini daktari hakueleza kwa nini, katika watu wote wa nyumba ile, nilimtaja mtumishi. Binti yangu ni mweusi kuliko yeye. Sikusema mkono ule ni wa binti yangu.

Nimelelewa katika nyumba ambayo babu mzaa baba alitajwa kila siku. Alitoka Shihiri, kwa Waarabu, na vyombo vya biashara, alijenga msingi wa nyumba hii, alikuwa mweupe, pua imesimama. Nyanya mzaa mama hakutajwa. Mamangu alituambia, "Msikae juani," na hakumalizia sentensi, nasi tulijua mwisho wake. Baadaye nikashika kazi ya kusinga, na kazi hiyo ilinipa macho ya kupima. Bi harusi huletwa kwako siku kadhaa kabla ya ndoa. Humvua, humkalisha juu ya mkeka, humsugua kwa liwa, manjano, mawaridi na karafuu zilizosagwa, mpaka ngozi ya juu itoke na ile ya chini ing'ae. Wazazi huniuliza, "Bibi, atatakata?" Nami, kabla hata sijamgusa mtoto wa watu, nilikuwa nimekwisha kumweka mahali pake. Huyu wa siku tatu. Huyu wa siku saba. Huyu hata mwezi. Nilidhani ni ujuzi.

Kwa mtumishi wetu sikuwa mkali kuliko nilivyokuwa mkali kwa kila mtu. Sikumtukana. Alikula tulichokula, aliswali chumba nilichoswali, Idd ilipofika nilimpa leso jozi moja mpya kama niliyompa binti yangu. Kwa sababu hiyo nilijiona safi. Ila sikumwita mama wala dada. Nilimwita "wewe", au "huyu wa bara" mbele ya wageni.

Wiki ya pili walikuja majirani wawili kunizuru, wanawake wa rika langu, wakakaa chini kando ya kitanda na kunipa pole. Mkono ulikuwapo. Mchana kutwa haukusogea, lakini kila nilipogeuza macho upande ule ulikuwa umefika kabla yangu, umelala, unangoja. Nilikuwa nimeanza kuuogopa kwa namna ambayo sikuwahi kuogopa kaburi. Nikawaambia wale wanawake, kwa sauti ya kunong'ona:

"Huu si mkono wangu. Ni wa mtumishi. Ameniwekea."

"Amekuwekea vipi?" mmoja akauliza.

"Watu wa bara wana njia zao."

Hilo ndilo neno. Halina urefu wowote. Yule wa pili alivuta leso yake mdomoni akasema, "Yarabi," na yule wa kwanza akanikumbusha tulivyosikia utotoni, kwamba mapepo nayo yana makabila yao: wa Kiarabu hutaka marashi na mkeka safi, na wa Kinyika, wale wa bara, hutaka damu na ngoma. Nikakubali kwa kichwa. Nikasema, "Huyu ni wa Kinyika." Watatu kati ya ndugu zangu niliwaona wakipungwa pepo wa Kiarabu, na ukoo wetu ulilitaja jambo hilo kwa fahari, kama watajavyo watu cheo. Hata maradhi yetu tulitaka yawe ya watu wa juu.

Nikataka niletewe mwalimu wa kunisomea. Akaja mzee wa mtaa wa Bondeni, mtu mtulivu, akanisomea, akaniandikia kombe, aya za zafarani zilizoyeyushwa majini ninywe. Nilipomaliza kunywa nikamwuliza ni pepo gani.

"Huna pepo, bibi," alijibu. "Una maradhi. Kombe ni baraka, na dawa za daktari uzinywe."

"Na mkono?"

"Mkono ni wako. Utaulizwa nao."

Alipoondoka nikasema amekuwa mzee, hajui kazi tena.

Baada yake alikuja msichana wa mazoezi, aliyetumwa na hospitali. Alifika mara mbili kwa wiki, mpole, mwenye subira ya kuudhi. Alileta kioo, akataka kukisimamisha katikati ya mikono yangu, ili nitazame kivuli cha mkono mzima na kujidanganya kwamba ndio ule mgonjwa. Nilikataa. Mamangu alikuwa hatuachii kioo mbele ya mgonjwa, na mdomo wangu ulikuwa bado umekwenda upande. Nilimwambia akirudishe kwenye mkoba wake.

"Basi tutafanya nini, bibi? Lazima ubongo uone mkono."

Mtumishi alikuwa akifuta vumbi dirishani. Akasema bila kugeuka, "Mpe wangu. Si anasema wake ni wangu mimi, basi na wangu uwe wake."

Msichana alicheka, kisha akaacha kucheka, akafikiri. Alisema ameona kitu cha namna hiyo kikifanywa kwa mkono wa mpira, na kwamba wa mtu hautakuwa mbaya zaidi. Wakanikalisha kitini mbele ya meza. Mkono wangu wa kushoto ukafunikwa kwa leso. Mtumishi akakaa nyuma yangu kidogo, upande huo huo, akapitisha mkono wake wa kushoto mbele, mahali ambapo wangu ungekuwa, leso moja ikitufunika mabega yetu wawili. Mtu aliyekaa mbele yetu angeona mwanamke mmoja. Kisha mjukuu wangu akapewa brashi mbili laini, akaambiwa kila siku saa nne, hata msichana asipokuja, apapase mikono yote miwili kwa wakati mmoja: mmoja uliofichwa na mmoja unaoonekana, kidole kwa kidole. Mimi kazi yangu ilikuwa kutazama.

Siku ya kwanza sikuhisi kitu, na nikasema hivyo kwa furaha. Siku ya pili pia. Siku ya tano au ya sita, saa nne asubuhi, brashi ilipopita juu ya kidole cha shahada nilichokitazama, nilihisi ikipita. Nilihisi pale pale nilipoiona. Nikaipeleka akili chini ya leso, na huko hakukuwa na mtu.

"Audhubillahi," nikasema.

"Umehisi, Bibi?" mjukuu akauliza.

Nikasema sikuhisi. Lakini kesho yake niliitisha meza iwekwe kabla ya saa nne kufika.

Nataka kueleza jambo hili polepole, kwa kuwa sijasikia mwanamke mwingine wa Kibokoni akilieleza. Mkono ule ulikuwa na alama za kazi yake: kovu la kisu chini ya gumba, ngozi ngumu penye kiganja. Nilikuwa nimeishi nao miaka kumi na moja na sikulijua kovu. Katika wiki hizo nililijua kwa ndani. Nililihisi likivuta brashi ilipopita. Nilianza kujua amelala vizuri au vibaya kwa uzito wa vidole vyake juu ya meza. Alipokuwa akitoka chumbani kwenda kupika, nilihisi kama nimesahau kitu changu jikoni.

Siku moja binti yangu alileta sinia ya chai tukiwa mezani, nguo yake ikanasa kwenye kiti, kikombe kikapinduka. Chai ya moto ilimwagika juu ya mkono wa mtumishi. Yeye aliuvuta na kuupuliza. Aliyepiga yowe ni mimi. Nilisema, "Nimeungua," na nikalia machozi, na binti yangu akaifunua leso kwa haraka atazame mkono wangu. Ulikuwa mkavu na wa baridi.

Mtumishi alikuwa bado anapuliza. "Bi Mkubwa," alisema, "chai imenimwagikia mimi, mayowe umepiga wewe. Tukianza hivyo, kesho tugawane na kufua."

Mjukuu wangu alicheka hadi akakaa chini. Baada ya wote kutoka, nilibaki na mkono ule wa kitandani, na kwa mara ya kwanza niliuinua mwenyewe kwa ule wa kulia, nikauweka mapajani. Nikaona mikono miwili ya rangi moja. Sikuona weupe wowote. Nilitafuta ulikokwenda, kama mtu atafutaye ufunguo, na nikajua haukuwahi kuwako.

Na hapo ndipo aliponijia nyanya, mzaa mama. Sikumwita. Alikuwa akikaa jikoni siku zote, juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, na mkono wake ndio ulionichana nywele utotoni: mkono ule ule, mishipa ile ile, kucha fupi. Wageni walipofika hakutoka. Mgeni mmoja aliniuliza nikiwa na umri wa miaka sita au saba, "Yule mzee wa jikoni ni nani?" Nikajibu nilivyomsikia mamangu akijibu: "Ni mtu wa nyumbani." Alinisikia. Alikuwa hatua mbili kutoka pale. Aliendelea kukuna nazi. Tangu siku ile ya chai mkono ukinilalia ubavuni sijui ni wangu, au ni wa mtumishi, au ni wake, na sithubutu kuuliza.

Mambo mengine nayo yalianza kubadilika bila mimi kuyataka. Mama mmoja alimleta binti yake nimtazame, ndoa ilikuwa imekaribia. Akasema, "Huyu, bibi, amechukua rangi ya upande wa babake. Tutamfanyaje?" Neno lile nimelisikia pengine mara mia. Safari hii lilinipiga mkononi, mahali pa kovu ambalo sina. Msichana alikuwa ameinamisha macho. Nikamwambia mamake kwamba sisingi tena, na kwamba binti yake hahitaji kufanywa kitu.

Sasa nifike kwenye aibu. Kwa hayo yote niliyoyahisi, sikulirudisha neno langu. Nilijua liko nje, kwani neno lililosemwa mbele ya wanawake wawili halikai chumbani. Nilingoja lichoke lenyewe. Nilijiambia mtumishi hatalisikia, kwa kuwa watu wa barazani hawazungumzi na watu kama yeye. Niliendelea kuweka mkono wangu mezani kila saa nne, nikiyatumia mema yake, huku neno langu likizunguka mtaani.

Lilimfikia Bondeni, dukani, akinunua nyanya. Mwanamke aliyesimama karibu naye alivuta kikapu chake akasema, "Sogea kidogo, mama, usije ukaisahau mikono yako kwangu." Watu walicheka. Aliuliza maana yake, akaambiwa yote.

Siku hiyo alikuja kama kawaida. Alinipikia, alinilisha, alikaa mezani chini ya leso, brashi ikapita. Kisha akautoa mkono wake, akaja kusimama mbele yangu.

"Bi Mkubwa, nina swali."

"Uliza."

"Ulisema nimekuwekea mkono?"

"Nilikuwa mgonjwa."

"Sikuuliza kama ulikuwa mgonjwa."

"Watu hawana kazi. Huzidisha."

"Wamezidisha wapi? Nionyeshe walipozidisha, nami nikawaambie."

Niligeuza uso dirishani. Mjukuu wangu alikuwa pale na brashi zake mkononi, na ameniambia kwamba alitamani ardhi immeze. Mtumishi alisema, bila kupaza sauti, kwamba kwao neno la uchawi likimshika mwanamke mwenye mvi halimwachi. Kwamba dada wa mamake aliondoka kijijini na sufuria moja kwa neno kama hilo, akafia kwa watu. Na kwamba kutoka Bondeni hadi kwao kuna magari mengi kila siku, na kila gari lina mdomo. Alikwenda jikoni, akaosha bakuli langu, akakunja leso aliyoikuta hapa na kuiacha juu ya kiti. Alisema kwa heri. Sikumwambia baki.

Msichana wa mazoezi aliendelea kuja, mjukuu akajaribu kutoa mkono wake mwenyewe, mwembamba na laini. Haikufaa. Saa nne ilipofika, kila siku, nilihisi brashi ikipapasa mahali pasipo na meza wala brashi. Nilihisi vidole vyangu vikisuguana na maji ya sabuni, huko mbali, na mkono wangu uko mapajani mbele ya macho yangu. Niliwahi kumwambia binti yangu kwamba mtumishi amejikata. Alinitazama kama wanavyotazamwa wazee. Sijui kama alijikata. Sijamwuliza.

Baada ya Idd mjukuu wangu alileta habari kutoka Tononoka. Babake mtumishi alikuwa amefariki, na kaka zake walimpigia simu wakamwambia asije matangani. Wazee wa kwao walikuwa wamesikia. Walisema, atakayefuatana naye hatakaribishwa. Kama ana la kusema, alete shahidi. Alimlilia babake chumbani mwake, wapangaji wenzake wakimtuliza, mazishi akiyasikia kwa simu.

Nikasema nipelekwe. Binti yangu aliona sitaweza, nikamwambia sikumwomba ruhusa. Tulikwenda kwa tuktuk, mimi na mjukuu, akinishikilia nisianguke kila kona. Ni nyumba ya vyumba vya kupangisha, uwanja katikati, wanawake wakifua. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mchele. Aliponiona akasimama, kwa adabu ile ile, akaniletea kiti. Alinipa shikamoo nami sikuitikia marahaba kwanza, nilimwambia, "Nimekuja kwako, mama." Ndiyo mara ya kwanza nilimwita hivyo, na halikutoka vizuri, kwa sababu ya mdomo wangu.

Nilisema mbele ya wale wanawake wote kwamba hakuniwekea kitu, kwamba nilimsingizia, kwamba ulikuwa ugonjwa wa ubongo uliosema na si mimi. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo njiani. Wanawake waliacha kufua. Mmoja alisema, "Mungu awasitiri." Nilidhani nimemaliza.

Mtumishi aliendelea kuchambua mchele. "Hilo la ugonjwa halinisaidii," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mgonjwa husamehewa na neno lake hubaki. Kwetu watasema, maskini mzee, alikuwa na homa, na homa ndiyo inayofunua. Watasema ugonjwa ulikufanya uone."

"Basi niseme nini?"

"Sema kweli. Kabla hujaanguka, kikombe changu kilikuwa wapi?"

Nilitaka kumwambia sikumbuki. "Uani," nikasema. "Kwenye msumari."

"Na vya watu wengine?"

"Kabatini."

"Nani aliamua hivyo?"

"Hakuna aliyeamua. Kilikuwa tu."

"Hukuwahi kuniambia nisichanganye."

"Sikuwahi."

"Na mimi sikuwahi kuchanganya. Miaka kumi na moja." Alipepeta mchele, akatoa jiwe, akalitupa. "Kwa hiyo mkono ule uliuona zamani, Bi Mkubwa. Ugonjwa ulikuonyesha tu ulipouweka. Ukisema hivyo, wazee watajua neno lilitoka kwako, halikutoka kwangu. Na uliandikishe. Kwetu la kusemwa hupotea, karatasi husikizwa."

Nilimwuliza kama, likishaandikwa, atarudi kwetu. Alisema hakuniomba kazi, aliniomba njia ya kwenda kaburini kwa babake. Sikumwuliza tena.

Kwa hiyo haya yote yameandikwa kwa ajili hiyo, siku nne mfululizo, baada ya alasiri. Mjukuu wangu atayapeleka Kaloleni mwenyewe na kuyasoma mbele ya wazee, na mtumishi atangoja njiani, nje ya boma, mpaka wamalize kusikiliza. Ikiwa yamekuwa marefu, wazee waniwie radhi. Sikujua namna ya kuyafupisha bila kujificha ndani yake. Wanaotaka neno moja tu, ni hili.

Mimi, mwanamke wa Kibokoni, niliwaambia wanawake wawili, ambao ndio mashahidi, kwamba mwanamke wenu ameniwekea mkono kwa uchawi. Nilisema uongo. Uongo huo sikuuokota katika homa. Nilikuwa nao nikiwa mzima, nikila, nikiswali, nikisinga watoto wa watu. Ulikuwa ukining'inia kwenye msumari uani na nikiupita kila asubuhi. Mkono uliokuwa kitandani ni wangu. Weusi wake ni wangu, nimezaliwa nao, na nilikuwa nimemtwisha yeye ili mimi nisiwe nao. Yeye hana deni nami wala hana baya lolote. Mfungulieni mlango azuru kaburi la babake.

Mjukuu wangu, usisome kwa haraka. Wakikuuliza kama siku nilipoyasema haya nilikuwa na akili zangu, sema ndiyo.